Grogan wa Taveta: Mirathi ya Wakubwa na Kodi ya Wanyonge

Anayesafiri kutoka Voi kuelekea Taveta hupita Mwatate, Bura na Maktau, kisha nyika huwa ndiyo mwenzake wa safari mpaka karibu na mpaka wa Tanzania. Huko, juu ya kilima cha Girigan, limesimama jumba kubwa jeupe ambalo wenyeji na wageni hulijua kwa jina la Kasri la Grogan. Mbele yake mlima Kilimanjaro umeinua kichwa. Upande wa kusini kuna ziwa Jipe. Na katikati yametanda mashamba ambayo kwa miongo mingi yalikuwa bahari ya mkonge. Mwanafunzi akiuliza ni nani aliyejenga jumba hilo, aghalabu huambiwa kuwa ni Mzungu mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo kwa ajili ya mchumba. Jibu hilo si uongo, lakini limeacha nje jambo lililo kubwa zaidi. Maisha ya mtu huyo ni somo kamili juu ya namna mali inavyopatikana, inavyokua, na inavyopita kutoka mikono ya waliokufa kwenda mikono ya walio hai. Ni somo linalotuhusu leo, kwa kuwa nchi yetu haitozi tena kodi ya mirathi, na wengi wetu hatukupata kujiuliza sababu.

Ewart Scott Grogan alizaliwa London mwaka wa 1874, mmoja kati ya watoto 21 wa baba mmoja. Baba alikuwa mtu wa hadhi na mwenye kujulikana na wakubwa wa Uingereza, lakini hata hazina ya mfalme, ikigawanywa mafungu 21, huwa haba. Kijana huyo hakutulia shuleni wala chuoni. Cambridge alifukuzwa kwa utundu wake. Mwaka wa 1896 alikuwa kusini mwa Afrika akipigana katika vita vya Wazungu dhidi ya Wandebele. Baadaye alimpenda binti aliyeitwa Gertrude Watt, wa familia yenye mali. Baba wa kambo wa binti hakuridhika na mchumba asiye na kazi wala jina. Basi Grogan akaazimia kuvuka bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelikamilisha, ili apate jina. Alianza safari mwaka wa 1898 na kufika Kairo mwaka wa 1900. Alimwoa Gertrude, akaandika kitabu juu ya safari hiyo, na umaarufu ukawa mtaji wake wa kwanza.

Tusisahau kwamba hakutembea peke yake. Mizigo yake ilibebwa na Waafrika ambao majina yao hayakuchapishwa kwenye jalada la kitabu chochote. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbukwa juu ya utajiri wa bwana huyu: tangu mwanzo, jasho lilikuwa la wengi na hati ilikuwa ya mmoja.

Mwaka wa 1904 Grogan alifika katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki ya Uingereza. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika ziwa Nyanza miaka michache iliyotangulia, na serikali ilikuwa ikitafuta walowezi wa kuipa reli hiyo mizigo ya kubeba ili gharama zake zilipike. Grogan alikuwa na jicho la kuona thamani pale ambapo wengine waliona matope. Pamoja na mshirika wake Lingham alijipatia haki ya kukata miti katika misitu ya Eldama Ravine. Mjini Nairobi alijipatia kinamasi kando ya mto, mahali ambapo baadaye palipita barabara iliyobeba jina lake, na ambayo leo ni Barabara ya Kirinyaga. Mombasa alijipatia ardhi ya Mbaraki, pwani penye maji ya kina ambapo meli zingeweza kutia nanga, na serikali yenyewe ilikuja kulazimika kuinunua kwa fedha za umma. Ndugu msomaji, tafakari mpango huo. Umma unajenga reli, reli inapandisha thamani ya ardhi, ardhi iko mkononi mwa mtu mmoja, na umma unarudi kwake kununua kile ambacho thamani yake umeijenga wenyewe.

Sheria nayo ilikuwa upande wake. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka wa 1902 ilimwezesha mlowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Walowezi walilalamika kuwa muda huo ni mfupi, na sheria ya mwaka wa 1915 ikaurefusha hadi miaka 999. Tukihesabu miaka 25 kwa kila kizazi, hiyo ni mirathi ya vizazi 40. Mtu aliyetia sahihi hati ya namna hiyo alikuwa amekwisha kuwapangia wajukuu wa wajukuu zake mahali pa kulala, na wakati huo huo amewapangia wajukuu wa wengine mahali pa kukosa.

Grogan hakuwa mtu wa kujificha. Mwaka wa 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Waafrika watatu waliokuwa wakivuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba walikuwa wamewakosea heshima wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, nacho akakitumikia katika nyumba badala ya gereza la kawaida. Kitendo hicho hakikumharibia jina miongoni mwa wenzake. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria na kuwa msemaji wao mwenye ulimi mkali, na sauti yake ilisikika katika siasa za koloni hadi miaka ya 1950.

Sasa tuingie katika suala la kodi, ambalo ndilo kiini cha makala haya. Mwafrika wa Taita, kama Mwafrika wa kwingineko katika koloni, alianza kutozwa kodi ya kibanda kuanzia mwaka wa 1901, na kodi ya kichwa ikaongezwa mwaka wa 1910. Kodi ya kibanda haikuuliza mtu ana mali kiasi gani. Ilihesabu paa. Mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili; na ndugu aliyeachiwa mjane kwa mujibu wa mila, mara nyingi aliachiwa pia kodi ya nyumba ya mjane huyo. Kwa maneno mengine, kodi ya kifo ilikuwapo kwa Mwafrika hata kama haikuitwa hivyo: alirithi wajibu wa kuilipa serikali kabla hajajua kama amerithi mbuzi. Ili kupata fedha hizo, vijana waliteremka kutoka milima ya Dabida, Sagalla na Kasigau kwenda kufanya kazi za kibarua relini, bandarini na katika mashamba ya mkonge.

Kwa upande wa walowezi mambo yalikuwa tofauti. Serikali ya koloni ilipojaribu kutoza kodi ya mapato mwanzoni mwa miaka ya 1920, walowezi walipiga kelele hadi kodi hiyo ikaondolewa mwaka wa 1922. Haikurudi mpaka mwaka wa 1937. Katika miaka hiyo 15 mwenye ekari maelfu hakutozwa kwa kipato chake, ilhali mwenye kibanda kimoja alitozwa kwa kuwa na mahali pa kulala.

Ni katika kipindi hicho ambapo Grogan aligeuza macho yake kuelekea Taveta. Eneo hilo lilikuwa limepitiwa na moto wa vita. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Taveta, na Waingereza hawakuurudisha mikononi mwao mpaka Machi 1916, katika kipindi cha mapigano ya Salaita na ya vilima vya Latema na Reata. Jeshi la Uingereza lilijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta kwa ajili ya vita hivyo. Mwaka wa 1915 wenyeji wa Kasigau waliondolewa kwa nguvu katika mlima wao na kupelekwa uhamishoni Malindi, wakishukiwa kuwa waliwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakuruhusiwa kurudi nyumbani mpaka miaka ya 1930. Watu hao walikuwa na ardhi waliyoachiwa na babu zao, lakini mnyororo wa mirathi ulikatwa kwa amri moja ya jeshi, bila mahakama wala fidia.

Vita vilipokwisha, reli ilibaki. Ilibaki pia chemchemi ya Njoro na mto Lumi, maji yanayotoka upande wa Kilimanjaro na kulilisha ziwa Jipe. Grogan alijipatia maelfu ya ekari katika nyanda hizo, akachimba mifereji na kuyaongoza maji mahali ambapo hapakuwa na kilimo kikubwa. Tumpe haki yake: alitumia fedha zake na akili yake, akathubutu pale ambapo benki zilisita. Mkonge ulistawi, na katika miaka ya 1930 akajenga lile jumba juu ya kilima. Lakini haki hiyo ina pande mbili. Maji yalikuwa ya Mungu, reli ilikuwa ya umma, na mikono iliyokata mkonge ilikuwa ya vijana waliokuwa wakitafuta fedha za kulipia kodi ya kibanda. Yote hayo yaliingia katika thamani ya shamba, lakini hayakuingia katika hati.

Wakati huo huo, milimani Taita, ardhi ilikuwa ikipungua. Mtaita wa kale alikuwa na desturi ya kumiliki vipande vidogo vidogo katika miinuko mbalimbali, kimoja juu penye baridi na mvua, kingine chini penye joto, ili msimu mmoja ukimtupa, mwingine umpokee. Kila baba alipokufa vipande hivyo viligawanywa kwa wana. Mpango huo ulifaa maadamu nyika ya chini ilikuwa wazi kwa kupanuka. Ulipowekewa mipaka na mashamba ya walowezi, mgawanyo ukawa wa kugawana umaskini. Manung'uniko hayo yalikizaa chama cha Taita Hills Association, ambacho serikali ilikipiga marufuku mwaka wa 1940 pamoja na chama cha Wakikuyu cha KCA na kile cha Wakamba. Mwaka wa 1948 ilianzishwa Mbuga ya Tsavo, na hivi leo mbuga za wanyama zimechukua karibu asilimia 62 ya ardhi yote ya kaunti ya Taita Taveta. Ukiondoa na eneo la ranchi kubwa, kinachobaki kwa mkulima mdogo ni sehemu finyu mno.

Gertrude alifariki mwaka wa 1943. Grogan, kwa huzuni ya kumpoteza mkewe, alitoa ardhi yake ya Muthaiga, Nairobi, ijengwe hospitali ya watoto, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1947 ikiwa na jina la marehemu. Hospitali hiyo ingali inatibu watoto hadi leo, na hapana mwenye moyo wa utu atakayeibeza sadaka hiyo. Walakini mwalimu wa uraia anapaswa kuwafafanulia wanafunzi wake tofauti kati ya sadaka na kodi. Sadaka huchaguliwa na mtoaji: yeye ndiye aamuaye nani apewe, kiasi gani, na jina la nani liandikwe mlangoni. Kodi huamuliwa na wote kwa njia ya sheria. Watoto wa Muthaiga walipata hospitali kwa hisani ya tajiri. Watoto wa vibarua wa Taveta hawakuwa na sheria iliyowapa fungu katika utajiri huo huo.

Mzee huyo aliishi muda mrefu kiasi cha kuiona bendera ya Uingereza ikiteremshwa mwaka wa 1963. Alifariki Cape Town mwezi wa Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 92. Sehemu kubwa ya mali aliyowahi kuishika ilikuwa imekwisha kuuzwa au kutolewa katika uhai wake. Nayo mashamba makubwa ya Taveta yaliendelea kuwa mashamba makubwa. Yalipita kwa wenye fedha wengine, miongoni mwao familia ya Criticos yenye asili ya Kigiriki, na hadi karne hii migogoro kati ya wenye hati na maskwota haijaisha katika wilaya hiyo ya mpakani.

Je, kodi ya mirathi ingalibadilisha nini? Kwanza tueleze maana yake. Mtu akifa, mali yake yote hukadiriwa thamani, madeni yake hutolewa, na katika kile kinachobaki serikali huchukua sehemu kabla ya warithi kugawana. Uingereza ilianza kodi hiyo katika sura yake ya kisasa mwaka wa 1894, na hadi leo hutoza asilimia 40 ya kile kinachozidi kiwango kilichosamehewa. Kenya nayo ilirithi kodi hiyo kutoka kwa wakoloni, na iliendelea kuitoza baada ya Uhuru. Lakini katika mwaka wa 1982 Bunge lilipitisha sheria ya kuifuta. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1985, kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali nayo ikasimamishwa, na ikakaa usingizini miaka 30 mpaka iliporudishwa mwaka wa 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, kisha kikapandishwa hadi asilimia 15 mwaka wa 2023. Almuradi, wazee waliojipatia mashamba ya walowezi baada ya Uhuru walipoanza kuaga dunia, mlango wa kupitishia mali hiyo kwa watoto wao ulikuwa umefunguliwa wazi.

Wanaoipinga kodi ya mirathi wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Wanasema kuwa marehemu alikwisha kulipa kodi alipokuwa akichuma, na kumtoza tena kaburini ni kumtoza mara mbili. Wanasema pia kuwa matajiri hawatashikwa: watahamisha mali, wataiweka katika makampuni na amana, na mzigo utamwangukia mjane mwenye ekari tatu za Wundanyi ambaye hana wakili.

Maisha ya Grogan yanazijibu hoja hizo mbili kwa namna tofauti. Kuhusu ile ya kwanza, thamani kubwa ya ardhi haikutokana na mapato yaliyotozwa kodi. Ilitokana na reli, bandari, maji na idadi ya watu, vitu ambavyo mmiliki hakuvileta. Shamba lililopanda bei kwa sababu umma umepitisha barabara karibu nalo halijapata kutozwa mara moja, sembuse mara mbili. Kuhusu hoja ya pili, ni lazima tukiri kuwa ina ukweli. Kodi inayosubiri jeneza huona tu kile kilichosalia katika jina la marehemu. Mali iliyouzwa, iliyotolewa au iliyoandikishwa kwa jina la kampuni imekwisha kuvuka mto kabla ya mtoza ushuru kufika ng'ambo. Kwa hiyo, anayedhani kuwa kuirudisha sheria iliyofutwa mwaka wa 1982 kama ilivyokuwa kutatosha kuleta usawa, anajidanganya.

Maoni yangu ni haya. Nchi inayotaka haki katika mirathi yafaa ianze na ardhi kubwa ingali mikononi mwa walio hai, kwa kodi ya kila mwaka inayopanda kadiri ekari zinavyozidi, hasa zile zilizolala bila kulimwa. Kampuni inayomiliki shamba itozwe sawa na mtu, maana kampuni haifi. Kisha kodi ya mirathi ifuate, ikiwa na kiwango cha msamaha kilicho juu kiasi kwamba shamba la mjane, nyumba ya mwalimu aliyestaafu na duka la mfanyabiashara wa Voi havitaguswa. Na fedha zitakazopatikana zitengwe kwa jambo linaloonekana, kama vile kuwanunulia ardhi maskwota wa kaunti ile ile ambako shamba liko. Katiba ya mwaka wa 2010 imekwisha kutuwekea msingi: inataka kila mtu apate ardhi kwa usawa, na imelipa Bunge wajibu wa kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi inayoweza kumilikiwa na mtu binafsi.

Tusisahau pia kwamba mnyonge bado analipa kodi yake ya mirathi isiyoandikwa. Baba akifariki, wana wanatakiwa kwenda mahakamani kuomba barua za usimamizi wa mali, ombi litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, wangoje siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida wangoje miezi sita ndipo hati ithibitishwe na shamba ligawanywe. Kuna nauli, ada, mpimaji wa ardhi na wakili. Kwa mwenye mali nyingi gharama hizo ni tone la maji. Kwa mwenye nusu ekari huenda zikazidi thamani ya mavuno ya miaka kadhaa. Ndiyo sababu mashamba mengi yangali katika majina ya babu waliofariki zamani, na wajukuu wanalima kwa wasiwasi, hawawezi kukopa benki wala kuzuia jirani mjanja asisogeze mpaka. Kupunguza gharama hizo kwa mirathi midogo ni haki inayoweza kutendwa hata kabla ya kumtoza tajiri senti moja.

Walimu wa historia huwafundisha wanafunzi kuwa Grogan alitembea kutoka Rasi hadi Kairo. Na waendelee kuwafundisha, kwani ni kweli. Ila wawaongezee swali moja la mtihani: reli, maji na jasho lililoufanya utajiri wake, vimeandikwa katika hati ya nani? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo sawasawa atakuwa ameelewa kodi ya mirathi kuliko wengi waliopiga kura ya kuifuta.